Cha pili kiko wapi?

Asilimia 9. Namba ya betri ilikuwa imegeuka manjano kwenye dashibodi ya gari langu la umeme, nami nilikuwa nje nimekumbatia kebo nene kama mkono wa mtoto, naichomeka kwa mara ya tano.

Kituo cha kuchajia kilikuwa na mashine mbili. Ya kushoto ilikuwa imekufa zamani: skrini nyeusi, na buibui alikuwa ametanda utando kutoka kwenye kebo hadi ukutani, ishara kwamba kebo ile haikuguswa kwa muda mrefu. Ya kulia ilikuwa hai, na ndiyo iliyoniumiza zaidi, maana ilinipa matumaini. Nachomeka, kufuli ya plagi inalia tok, feni ndani ya mashine inaanza kuvuma, skrini inaandika kilowati 1, 2, 3, halafu kimya na taa nyekundu. Nachomoa, nachomeka. Tok, vuu, tatu, kimya. Nilipiga namba iliyobandikwa ubavuni. Kijana aliyepokea alikuwa mwungwana, akaizima na kuiwasha mashine kutoka huko aliko, tukangoja dakika saba au nane iamke, ikaamka na ugonjwa wake uleule.

Mjomba akashuka garini. Akasimama kando yangu mikono nyuma, akaitazama ile mashine kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa wa jirani. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa: "Mjomba, na cha pili kiko wapi?"

Sikuwa na kituo cha pili.

Mjomba wangu ni dereva mstaafu wa malori. Ameila barabara kwa zaidi ya miaka 30, na alikubali kunisindikiza katika safari yangu ya kwanza ndefu kwa gari la umeme kwa sababu mbili: nisiwe peke yangu na, nadhani, aone litazimikia wapi. Swali lake halikuwa la kejeli. Alidhani kweli ninacho. Kwa watu wa malori, aliniambia baadaye, hakuna anayeondoka na pampu moja tu kichwani, maana pampu huishiwa, pampu huharibika, na wakati mwingine pampu ni nzima lakini mwenye funguo kaondoka nazo.

Nikaanza hesabu palepale. Betri ya gari langu ni ya kilowati-saa 60, kwa hiyo asilimia 9 ni kama kilowati-saa 5 na nusu. Kwa mwendo wangu wa barabara kuu gari hula kilowati-saa 16 au 17 kwa kila kilomita 100. Maana yake nilikuwa na kilomita 33 hivi, na kituo kilichofuata kilikuwa kilomita 41 mbele. Nilichokiacha nyuma kilikuwa mbali zaidi ya hapo. Kwa kutambaa huenda tungefika, huenda tungelala njiani. Na gari la umeme likikata roho njiani huwezi kulifunga kamba tu ukalivuta: magari mengi ya aina hii hayatakiwi kuburutwa magurudumu ya mota yakiwa chini, kwa sababu mota ikizungushwa hugeuka jenereta na inaweza kuunguza mfumo. Linatakiwa kubebwa mzimamzima juu ya lori la kubebea magari.

Kilichonikera si mashine kuharibika. Mashine huharibika. Kilichonikera ni kwamba usiku wa kuamkia safari niliiangalia ramani ya vituo nikaona alama zimepangana barabarani kama shanga, nikapima umbali kati ya shanga na shanga, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Sikuzifungua zile alama. Pale kituoni, jua likianza kushuka, ndipo nilipoigusa ile ya kwetu kwenye PlugShare, programu ya simu yenye ramani ya vituo, nikasoma madereva walichoandika. Aliyechaji vizuri mara ya mwisho alikuwa amepita wiki tano nyuma. Baada yake watatu, kila mmoja kwa maneno yake, wameandika kitu kimoja: inaanza, inakatika. Mmoja aliweka hadi picha ya ile taa nyekundu. Habari yote ilikuwa kwenye simu yangu tangu jana yake, ikingoja kidole kimoja.

Kama mita mia tano kutoka pale palikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma. Mjomba ndiye aliyeiona, mimi nilikuwa nimeinamia simu. "Wanaochomelea wana umeme wa kutosha," akasema, na akatangulia kwa miguu kwenda kuomba.

Kwenye buti nilikuwa na chaja ya kubebeka, ile kebo yenye kiboksi katikati ambayo upande mmoja inaingia kwenye gari na upande wa pili ni plagi ya kawaida ya nyumbani. Nilikuwa sijawahi kuitoa kwenye mfuko wake. Fundi akatuonyesha soketi ukutani, nikachomeka, kiboksi kikawaka taa nyekundu. Nikahisi dunia nzima siku ile ina taa za rangi moja. Fundi hakushtuka. Akaifungua soketi kwa bisibisi, akanionyesha waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, umechomoka unaning'inia. Vile viboksi vina adabu hiyo: hupima kama ethi ipo kabla ya kuruhusu umeme, na isipokuwepo hukataa. Soketi ile ilikuwa imewasha grainda na redio kwa miaka bila mtu kujua ina kasoro. Fundi akaukaza ule waya, taa ikageuka kijani, na dashibodi ikaanza kuhesabu.

Ilihesabu polepole mno. Ampea 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3, na sehemu yake hupotea njiani kabla ya kutua kwenye betri. Tena hatukudumu na hizo 10. Gari halikuweza kusogea karibu na ukuta, kwa hiyo tulikuwa tumeunganisha ekstensheni ya kuviringisha, na baada ya robo saa mjomba akaigusa akarudisha mkono haraka. Nusu ya waya ilikuwa bado imeviringwa kwenye gurudumu lake. Waya uliojikunja namna ile hauna pa kutolea joto, na mzigo wa gari haupumziki kama wa grainda: ni uleule saa baada ya saa. Tukaukunjua wote, tukautandaza sakafuni, nami nikapunguza ampea hadi 8 kwenye kiboksi. Kila fundi alipogusisha fimbo yake kwenye chuma, umeme ulilegea kidogo na namba ya kilowati ikashuka, kisha ikapanda tena.

Tulikaa saa tatu na nusu. Katika kungoja nikamsimulia mjomba habari za Bertha Benz. Mwaka 1888, kabla kituo cha mafuta ya magari hakijakuwepo popote duniani, mama huyu alilichukua gari alilolibuni mumewe, akawapakia wanawe wawili, akaondoka Mannheim kwenda Pforzheim, kilomita mia moja na kitu, bila hata kumuaga bwana. Mafuta yalipomwishia njiani alisimama Wiesloch, akaingia duka la dawa, akanunua ligroini, kimiminika ambacho watu walikitumia kusafishia madoa ya nguo. Duka hilo la dawa husemwa hadi leo kuwa ndilo kituo cha kwanza cha mafuta duniani.

Mjomba akafikiri kidogo. "Kumbe aliyajua maduka yote ya dawa ya njiani," akasema.

Sina hakika kama aliyajua. Lakini alijua gari lake linakula nini, na kwamba chakula hicho kinauzwa mahali ambapo hakuna aliyepaita kituo. Mimi nilikuwa natafuta nembo ya chaja kwenye ramani, hali umeme ulikuwa umenizunguka pande zote: karakana, mashine za kusaga, viwanja vya kambi, kumbi za mikutano. Siku hizi nikiingia mahali macho yangu huenda ukutani kwanza. Soketi ya viwandani ya buluu ni ya fezi moja. Nyekundu ni ya fezi tatu, na ile ya ampea 32 inaweza kutoa kilowati 22, kama una kebo ya kufaa na gari lako linaweza kuzipokea. Tangu siku ile nina adapta ya buluu kwenye buti. Nimeitumia mara mbili tu, na zote mbili nilimshukuru aliyeibuni.

Tuliondoka na asilimia 18, nikaendesha kilomita 70 kwa saa huku malori yakitupita na mjomba akiyapungia mkono, tukaingia kituo kilichofuata tukiwa na asilimia 10. Pale palikuwa na mashine sita, na tano zilikuwa nzima. Nikachomeka kwenye moja iliyoandikwa kilowati 150. Ikanipa 38.

Hapo mjomba alicheka mpaka akakohoa. Nami nilikuwa bado sijui kwamba namba iliyobandikwa kwenye mashine ni uwezo wa mashine, si ahadi. Gari ndilo linaloamua lipokee kiasi gani, na betri baridi huwa mbishi. Baada ya kungoja karakanani kisha kutambaa kwenye manyunyu, betri yetu ilikuwa imepoa. Magari mengi ya siku hizi yanaweza kuipasha betri joto njiani, lakini mpaka uyaambie unaelekea kituo cha chaji ya kasi, na uyaambie kwa ramani ya gari lenyewe, si ya simu yako. Mimi nilikuwa nafuata simu. Gari halikuwa na habari kwamba tunaenda kula.

Tena mashine mbili huweza kuchangia kabati moja la umeme: wewe unachaji vizuri, anakuja mwingine anachomeka pembeni yako, namba yako inashuka. Nikikuta kituo kina nafasi, huwa naacha mashine moja kati yangu na jirani. Si roho mbaya. Wote wawili tunafaidika.

Kwenye chaji ya polepole, ya AC, mambo yanageuka. Kule kikomo ni kifaa kilicho ndani ya gari, kile kinachobadili umeme wa AC, ule wa ukutani, kuwa DC, ule unaoingia kwenye betri. Langu linapokea kilowati 11. Nilipoteza muda mwingi siku za mwanzo nikitafuta mashine za 22, nikizipita za 11 kwa dharau, wakati kwa gari langu zote ni sawasawa. Na nyingi ya mashine hizo hazina kebo yake, zina tundu tu. Ukiisahau kebo yako nyumbani utasimama mbele ya umeme mwingi huna pa kuushikia.

Kuna ushauri ambao kila mwenye gari la umeme amewahi kupewa: fika kituoni na asilimia 10, ondoka na 80. Ni ushauri wa kweli kwa upande wa muda. Betri ikiwa tupu hunywa kwa pupa, ikikaribia kujaa huanza kunusanusa. Kwenye gari langu kutoka 10 hadi 80 ni kama dakika 40, na zile asilimia 20 za mwisho zinaweza kula karibu muda huohuo. Kwa hiyo safari ndefu huenda haraka zaidi ukisimama mara nyingi kidogokidogo kuliko kujaza pomoni mara moja. Sibishani na hilo.

Ninachobishana nacho ni hiyo 10 kuwekwa kama sheria. Asilimia 10 ya kufikia wapi? Kama mbele yangu kuna mashine sita na wenzangu wamechaji pale asubuhi ya leo, nafika na 10 nikiimba. Kama kuna mashine moja au mbili, na aliyeandika mara ya mwisho aliandika mwezi uliopita, 10 ni kamari. Akiba ninayobaki nayo siku hizi siipimi kwa gari. Naipima kwa kituo ninachokiendea. Cha mashine nyingi, akiba ndogo. Cha mashine moja, nataka nifike nikiwa na umeme wa kutosha kwenda cha pili, kwa mwendo wa kawaida, kiyoyozi kikiwaka. Na kama cha pili hakipo kabisa, basi najaza hadi 95 au 100 kwenye kile cha nyuma, hata kama nusu saa nzima inapotea nikiangalia namba zikijikongoja. Wenye haraka wananicheka. Hawajakaa saa tatu na nusu karakanani.

Kwa hiyo sichagui tena kituo kwa kuangalia kilowati kwanza. Naangalia idadi ya mashine, halafu tarehe ya mtu wa mwisho kufaulu, halafu picha. Picha ni dawa. Picha inakuonyesha kama kituo kiko ndani ya geti linalofungwa saa kumi na mbili, kama kuna taa usiku, kama kebo inafika kwenye tundu la gari lako ikiwa tundu liko nyuma. Kilowati zinakuja baada ya hapo. Mashine nne za 50 zinanipa usingizi kuliko moja ya 350.

Mwendo nao ni betri ya akiba, na mjomba alilielewa hili kabla yangu kwa sababu dizeli nayo ina tabia hiyo. Upinzani wa upepo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka 90 ukaenda 120, upepo unakukaba karibu mara 1.8. Namba za gari zikianza kunitia wasiwasi sizimi kiyoyozi; naachia pedali kidogo tu. Kiyoyozi cha baridi hula kilowati moja au mbili, na ukipunguza mwendo kidogo unarudisha zaidi ya hizo bila kutoka jasho. Kipasha joto cha magari yasiyo na pampu ya joto ndicho mlafi.

Mlima ni hesabu nyingine. Gari la tani 1.8 likipanda mita 1,000 linatumia karibu kilowati-saa 5 kwa ajili ya kupanda peke yake, juu ya matumizi yake ya kawaida. Kwangu ni asilimia 8. Sehemu yake inarudi ukiteremka, mota inapogeuka breki na kuchaji betri, lakini usiende kuchaji hadi 100 juu ya mlima: betri iliyojaa haina pa kuweka zawadi hiyo, na breki za kawaida ndizo zitakazobeba mzigo wote. Programu kama A Better Route Planner huzingatia miinuko, uzito na hali ya hewa, nami naiamini sana katika hesabu. Katika kujua kama mashine inafanya kazi naamini watu.

Chaja bora ya safari ndefu, kwa maoni yangu, ni kitanda. Ukilala mahali penye soketi ya kawaida kwa saa kumi, umeingiza kama kilowati-saa 20, theluthi ya betri yangu, bila kusubiri hata dakika moja. Ila jifunze kuuliza. Nilipiga simu nyumba moja ya wageni nikauliza, "Mna chaja?" Dada wa mapokezi akanijibu kwa uhakika kabisa kwamba zipo, za aina zote. Tulipofika akafungua droo akanionyesha chaja za simu, zimefungwa vizuri na mipira, kila aina na mahali pake. Sikuweza hata kukasirika. Nilipomweleza akaenda kumwita mlinzi, mlinzi akasogeza ndoo na fagio, nyuma yake palikuwa na soketi nje ya ukuta. Usiku ule tulichaji kwa hisani ya wafanya usafi, na asubuhi nililipia umeme kama tulivyokubaliana. Sasa naliuliza swali kwa urefu: nitaegesha karibu na soketi kwa umbali gani, soketi ina ethi, naweza kuitumia usiku kucha, na tafadhali naomba mnitumie picha yake.

Kuhusu plagi sina mengi, ila anayenunua gari lililotumika ajue hili kabla ya kufikiria safari. Magari mengi ya Kijapani ya miaka iliyopita yana CHAdeMO kwa chaji ya kasi, mfumo uliozaliwa Japani. Jina lake linachezea maneno ya Kijapani ya kumkaribisha mtu chai, kwamba gari likichaji wewe utakuwa unakunywa. Yaliyotengenezwa kwa soko la Uchina yana GB/T. Ya Ulaya yana CCS2, na Marekani sasa inahamia plagi iliyoanzishwa na Tesla. Kwenye ramani vituo vyote hivi huonekana alama zinazofanana mpaka uichuje kwa plagi yako. Rafiki yangu mwenye gari la CHAdeMO aliwahi kufika kwenye mashine nane zinazong'aa, na hata moja haikumwingia.

Na malipo. Kila mtandao wa vituo una programu yake, na kila programu inataka ujiandikishe, uthibitishe namba yako ya simu, uweke kadi. Fanya haya yote nyumbani umekaa. Nimewahi kuwa kwenye maegesho ya chini ya ardhi, asilimia 14, mashine nzima kabisa mbele yangu, na simu haina hata kijistari kimoja cha mtandao. Nilipanda ngazi hadi juu, nikaanzisha chaji kwenye simu, nikashuka mbio, nikakuta muda wa kuchomeka umepita. Nikapanda tena. Mara ya tatu nikamwacha mjomba chini na kebo mkononi, mimi juu, tukaitana kwa sauti kupitia tundu la ngazi. Sasa natembea na kadi ya kugusisha, ambayo haihitaji simu wala mbio.

Miezi sita baadaye tulipita njia ileile. Safari hii mjomba alikuja na daftari. Alikuwa amechora mistari kwa rula, safu mbili: cha kwanza, cha pili, na mbele ya kila jina idadi ya mashine na tarehe ya mtu wa mwisho kuchaji, ambazo alinisumbua jioni nzima nimsomee. Pale ambapo safu ya pili ilikuwa tupu aliweka duara jekundu. Kulikuwa na maduara mawili katika safari nzima, na yote mawili tuliyavuka betri ikiwa imejaa, yeye akiwa ndiye anaendesha, kilomita 85 kwa saa, bila kusema neno.

Tulipofika kwenye kile kituo cha buibui tulikuwa na asilimia 46. Hatukuwa na haja ya kusimama. Mjomba akawasha indiketa hata hivyo, akaingia, akachomeka mashine ya kulia mwenyewe. Tok. Feni ikavuma. Moja, mbili, tatu, kumi na mbili, thelathini, arobaini na saba. Ikatulia hapo. Akazunguka kwenda kuitazama ya kushoto. Skrini yake bado ilikuwa nyeusi, ila utando ulikuwa umeondolewa.

Baada ya dakika tano akachomoa, akaning'iniza kebo vizuri mahali pake, akarudi garini.

"Waandikie," akasema. "Ya kulia inatoa 47. Ya kushoto bado. Na uweke picha."